Kumari Kandam: bahari ilimeza nini hasa?

Ukisimama Kanyakumari, ncha ya kusini ya Bara Hindi, mbele yako ni maji matupu. Watamil wengi wamekua wakiambiwa kwamba maji hayo yameifunika nchi yao ya kwanza: nchi ya milima na mito chini ya wafalme wa Pandya, ambako washairi walikaa katika baraza lililoitwa Sangam, wakipima tungo zao, mpaka bahari ikaja ikaichukua. Siku hizi nchi hiyo huitwa Kumari Kandam. Wapo wanaoiapia na wapo wanaoicheka. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinagombania ramani ambayo hakuna mshairi wa kale aliyeichora, na katika ugomvi huo mistari michache ya ushairi inadhulumiwa.

Mistari yenyewe inasema hivi. Katika utenzi wa Silappatikaram anasifiwa mfalme wa Pandya ambaye, baada ya bahari katili kuuchukua mto Pahruli pamoja na Kumari na milima yake, alijifidia kwa kujitwalia mto Ganga na milima ya Himalaya huko kaskazini. Katika diwani ya Kalittokai limo shairi linalokaribiana na hilo: mawimbi yalipoila ardhi yake, mfalme alinyang'anya nchi za jirani zake, Chera na Chola. Basi, ni hayo tu. Hapajatajwa bara, wala asili ya wanadamu wote. Hata neno linalotafsiriwa kuwa mlima, yaani kodu, katika Kitamil cha kale laweza kumaanisha pia ukingo wa maji.

Nyama ziliongezwa na wafafanuzi waliokuja baadaye. Ufafanuzi unaohusishwa na mshairi Nakkirar unasema Sangam zilikuwa tatu: ya kwanza ilidumu miaka 4,440 chini ya wafalme 89, ya pili miaka 3,700 chini ya wafalme 59, na ya tatu, ya Madurai ya sasa, miaka 1,850 chini ya wafalme 49. Miji ya hizo mbili za mwanzo ililiwa na bahari. Zipige hesabu tarakimu hizo. Zote tatu zinagawanyika kwa 37 bila kubaki kitu: 37 mara 120, mara 100, mara 50. Katika Sangam ya pili kila mfalme angetawala, kwa wastani, zaidi ya miaka 62. Huyu hakuwa mtu anayenakili kumbukumbu za ikulu. Alikuwa anajenga nasaba ya ushairi wa Kitamil, na aliijenga kwa ulinganifu kama fundi wa hekalu.

Mfafanuzi mwingine, Adiyarkkunallar, alizigawa sehemu zilizopotea katika nadu 49, saba saba. Wasomaji wa leo hulisoma neno nadu kama nchi, wakapata bara zima. Ila katika maandishi ya mawe ya enzi za Chola, nadu ni mkusanyiko wa vijiji tu. Hapo bara linanywea na kuwa wilaya. Na jina Kumari Kandam limetoka kwenye Kanda Puranam, kitabu cha dini kinachoeleza migawanyo ya dunia, ambamo si jina la nchi iliyozama.

Basi bara lilitoka wapi? Lilitoka London. Mwaka 1864 mtaalamu wa wanyama Philip Sclater alikuwa akitatizwa na lemuri: wamejaa Madagaska, jamaa zao wako Afrika (komba anayelia usiku kwenye minazi yetu ni mmoja wao) na wengine wako India. Walivukaje bahari? Alipendekeza kwamba zamani palikuwa na ardhi iliyounganisha pande hizo, akaiita Lemuria. Kwa wakati wake hiyo ilikuwa dhana halali ya kisayansi. Mjerumani Ernst Haeckel akaongeza kwamba huenda huko ndiko mwanadamu alikoanzia, na mwaka 1885 Charles Maclean, afisa wa Kiingereza wa Madras, jimbo la kusini mwa India, akaliingiza wazo hilo katika kitabu rasmi cha utawala wa jimbo.

Wakati huohuo mashairi ya kale yalikuwa yanafufuka. Thamotharam Pillai alichapisha Kalittokai mwaka 1887, naye U. V. Swaminatha Iyer akachapisha Silappatikaram mwaka 1892. Msomi wa Kitamil akawa na kitabu chake mkono mmoja na sayansi ya mtawala mkono wa pili, na vyote viwili vikimwambia kwamba kusini palikuwa na nchi. Kuviunganisha halikuwa jambo la kijinga. Watu hawa walikuwa wamefundishwa kwamba ustaarabu wa India uliletwa na Waarya kutoka kaskazini, na mwaka 1937 serikali ya Madras ilipoingiza Kihindi, lugha ya kaskazini, mashuleni walikwenda jela kwa kuipinga. Bara lililozama liliwapa jibu: sisi hatukuja na mtu, na vitabu vyetu vingekuwa vingi zaidi kama si bahari. Mwaka 1981, katika mkutano wa tano wa dunia wa Kitamil huko Madurai, serikali ya Tamil Nadu, jimbo la Watamil, ilionyesha filamu ya Kumari Kandam iliyoigharimia yenyewe.

Jiolojia hairuhusu. Mabara hayazami namna hiyo; yanasogea juu ya mabamba ya ganda la dunia. India na Madagaska ziliachana yapata miaka milioni 88 iliyopita, kabla hajazaliwa mtu wa kutunga shairi. Kwa hilo wanaopinga wameshinda, na mwalimu anayeendelea kuchora bara kutoka Kanyakumari mpaka Madagaska anawakosea wanafunzi wake.

Lakini wapinzani nao huvuka mpaka wanaposema kwamba hakuna chochote kilichopotea. Katika miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda karibu mita 120. Kabla ya hapo Sri Lanka ilikuwa imeshikana na Bara Hindi. Kusini mwa Kanyakumari iko Wadge Bank, sehemu ya sakafu ya bahari yenye kina kifupi ambayo wavuvi wanaijua sana kwa wingi wa samaki. Sehemu yake iliwahi kuwa nchi kavu. Na si lazima turudi mbali hivyo. Desemba 1964 kimbunga kiliufuta mji wa Dhanushkodi, kwenye pwani hiyohiyo ya Watamil. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliangamiza maelfu Nagapattinam, ikaendelea kuvuka mpaka ikaua watu Somalia na Dar es Salaam. Pwani kama hiyo haihitaji bara la kubuni ili iwe na shairi la bahari kula ardhi. Siwezi kuamini kwamba mshairi wa Silappatikaram alikumbuka kuyeyuka kwa barafu. Naamini alisikia habari za mto na mashamba yaliyoliwa, habari ambazo babu zake walizijua kwa majina.

Kinachoniuma zaidi ni vitabu. Ni kweli Watamil walipoteza vitabu vingi, lakini vingi havikuzama na Kapatapuram, mji wa Sangam ya pili. Viliandikwa kwenye majani ya mvumo, vikaliwa na mchwa majumbani na katika nyumba za watawa, vingine vikatupwa mtoni kwa ibada. Iyer alizunguka kijiji kwa kijiji akivitafuta, mara nyingine akafika vimeshateketea. Kuilaumu bahari kunamfunika mchwa. Vilevile ukale wa Kitamil una ushahidi unaoshikika: huko Keezhadi, kando ya mto Vaigai karibu na Madurai, vimefukuliwa vigae vyenye maandishi, na ripoti ya mwaka 2019 iliurudisha mji huo hadi karne ya 6 kabla ya Kristo. Kila ushahidi huo unapotajwa pamoja na Lemuria, mwenye shaka hupata kisingizio cha kuvitupa vyote viwili.

Mto Pahruli unatajwa pia katika Purananuru, diwani nyingine ya kale ya Kitamil. Humo mshairi Nettimaiyar anamwombea mfalme Mudukudumi maisha marefu, miaka mingi kuliko mchanga wa Pahruli, mto wenye maji mazuri. Hasemi kwamba umepotea. Anautaja kama mtu anavyotaja mto ambao wasikilizaji wake wameuona.