Wilson mwanamageuzi, Wilson mbaguzi

Wanaomtetea Woodrow Wilson, rais wa 28 wa Marekani, huanza na sheria zake, na wana haki. Alipoapishwa Machi 1913 aliikuta nchi iliyokwisha kuwapita wengine wote kwa viwanda ikiwa haina benki kuu. Mwaka 1907, watu walipokimbilia benki kudai akiba zao, aliyewaita wenye benki wenzake wachange fedha za kuokoa jahazi alikuwa tajiri mmoja, J. P. Morgan. Desemba 1913 Wilson alitia saini sheria iliyounda benki 12 za kanda chini ya bodi ya Washington, ambazo kwa pamoja ndizo benki kuu ya nchi. Zipo hadi leo. Mwaka huohuo alipunguza ushuru wa forodha na kuanzisha kodi ya mapato. 1914 ikaja tume ya kuzibana kampuni zinazohodhi soko. 1916 wafanyakazi wa reli wakapata siku ya kazi ya saa nane. Sheria yake dhidi ya ajira ya watoto wa chini ya miaka 14 viwandani ilifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 1918, lakini jitihada ilikuwa ya kweli.

Upande wa pili unauma. Katika uchaguzi wa 1912 Wilson, mzaliwa wa Virginia, aliwaahidi Wamarekani Weusi kuwa atawatendea haki, na msomi W. E. B. Du Bois akamuunga mkono. Haukupita mwaka, mawaziri wake wa Posta na Hazina walianza kuwatenga makarani Weusi na Weupe waliokuwa wakifanya kazi pamoja: viambaza maofisini, vyoo mbali, sehemu za kulia mbali. Kuanzia 1914 kila mwombaji wa kazi serikalini alitakiwa kuambatisha picha yake. Tukumbuke kwamba kwa familia nyingi za Weusi mjini Washington, ukarani wa serikali ndio uliolipa nyumba na ada za shule.

Husemwa alikuwa mtu wa zama zake. Sikubali. Utengano huo hakuurithi katika ofisi hizo; ulisimikwa na watu aliowateua mwenyewe, naye akauridhia. Wala mageuzi na ubaguzi si kurasa mbili za kusomwa mbalimbali: mamlaka ileile ya serikali kuu aliyoielekeza kwa matajiri ili mnyonge apumue, aliiachia imshushe karani Mweusi.

Wala hakukosa wa kumwambia. Novemba 1914 mhariri Mweusi wa gazeti kutoka Boston, William Monroe Trotter, aliingia Ikulu na wajumbe wenzake kumkumbusha Wilson ahadi ya 1912. Wilson akawajibu kuwa kutenganishwa ni kwa faida yao wenyewe. Trotter akapinga waziwazi. Rais akakasirika, akasema hajawahi kusemeshwa kwa sauti ya namna hiyo, akavunja mazungumzo. Trotter alipotoka, aliwaeleza waandishi wa habari kila kilichosemwa humo ndani.