Mkasi juu ya nguo kuukuu, na hesabu tunayoikosea

Ramadhani ikishaingia kumi la pili, mafundi cherehani wa Unguja huanza kuchagua kazi. Nilikwenda kwa fundi mmoja Mwanakwerekwe na gauni la mtumba, pana kama tanga la jahazi, nikitaka anitolee rinda la binti yangu wa miaka saba. Aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akanirudishia. "Dada, lete kitambaa kipya nikukatie sasa hivi. Hili niwekee mpaka Skukuu ipite." Nilipomuuliza sababu akacheka. "Kufumua kazi, kushona kazi. Na wewe utanilipa moja."

Maneno yale hayajanitoka, maana yamegusa jambo lisilosemwa katika mazungumzo ya siku hizi kuhusu kugeuza nguo kuukuu nyumbani. Simu zimejaa video: shati la baba limekuwa gauni la mtoto, jinzi imekuwa mkoba, shuka la mtumba limekuwa pazia, yote kwa dakika tatu na muziki juu yake. Wanaosifu wanasema ni kubana matumizi, ni kutunza mazingira, ni ufundi mkononi mwa mwanamke. Wanaobeza wanasema ni umasikini uliopakwa poda, ni kumnyima fundi riziki yake, na ni kuendelea kukubali kuwa jaa la nguo za wenzetu. Kwa vitendo mimi nimo kundi la kwanza. Cherehani yangu haipoi. Kwa hoja, wale wa pili wana haki zaidi ya tunavyowapa.

Tuanze na shilingi, maana ndizo zinazotajwa kwanza. Shati la kiume la pamba, saizi kubwa kabisa, nililinunua sokoni Darajani kwa elfu tatu. Uzi ninao, lastiki elfu moja, overloki ya kuzuia ncha zisitoke nyuzi, kwa jirani, elfu moja. Jumla elfu tano, na gauni la mtoto la namna ile dukani lisingenitoka chini ya elfu kumi na mbili. Hapo ndipo video huishia.

Sasa tuhesabu mikono. Shati linafuliwa na kuanikwa kwanza, kwa sababu pamba ikija kurudi baada ya kushonwa, kazi yote imeharibika. Linalazwa mkekani, linakatwa chini kidogo ya kwapa, na safu ya vishikizo inabaki nzima ili iwe mgongoni na mtoto avae kwa urahisi. Halafu mikono. Mshono wa mkono wa shati zuri la kiume umekunjwa na kupigwa mara mbili, na kila tundu la sindano linataka ncha ya wembe. Wembe ukiteleza kidogo umechana kitambaa chenyewe. Nilikaa kufumua baada ya sala ya adhuhuri, adhana ya alasiri ikanikuta bado niko kwenye mkono wa pili. Marinda na lastiki niliyamaliza usiku, baada ya tarawehe. Ni kazi ya muda wa saa tano na zaidi, kuokoa elfu saba.

Wanawake wetu wanaotarizi kofia za viua wanaijua hesabu hii kuliko mtu yeyote. Kofia moja hula wiki kadhaa, na mnunuzi hupatana bei kama kwamba uzi ndio uliofanya kazi. Kwa hiyo anayesema kugeuza nguo ni rahisi anasema kweli kwa sharti moja tu: kwamba saa za mwanamke ni bure. Lakini pia sitaki kumcheka aliyekaa nyumbani bila ya kipato, ambaye zile saa tano hakuna aliyetaka kuzinunua. Kwake elfu saba ni samaki na unga wa jioni. Tatizo langu ni kwa wale wanaomuuzia mawazo haya mwanamke anayetoka kazini saa kumi, ana watoto wanne na maji ya kuteka, wakamwambia hana kisingizio.

Kama si bei basi, nini kinatufanya tuhangaike? Kwangu mimi ni kitambaa. Chukua nyuzi mbili tatu kutoka kwenye upindo, ziwashe kibiriti. Pamba huungua kama karatasi, ina harufu ya karatasi, na majivu yake ni laini ya kijivu. Polista hujikunja, huyeyuka, na huacha kitone kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki. Jaribu hivyo kwenye magauni mapya ya bei ya chini yanayoning'inia madukani, kisha kwenye shuka au shati zito la mtumba. Mara nyingi kitu cha zamani ndicho cha pamba, na kile kipya ni plastiki iliyotiwa maua. Kumvisha mtoto plastiki katika joto la kaskazi, na hijabu juu yake, si jambo la kujivunia hata kama lina lebo bado. Mashuka hasa ndiyo hazina: mita nyingi za pamba zisizo na mshono katikati, zimeshafuliwa mpaka zimetulia, hazirudi tena wala hazitoi rangi.

Hoja ya fundi kunyimwa riziki sioni kama ina uzito mkubwa. Kazi hii fundi mwenyewe anaikataa, na anayo haki. Kinachombana ni madera na maabaya yanayoingia yameshashonwa kutoka Dubai na China, na hilo halitokani na mkasi wangu.

Hoja ya jaa ni nzito. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vya ndani vipate kupumua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao, nayo ikatishia kuzitoa nchi hizi kwenye AGOA, mpango uliokuwa ukiruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ya ushuru. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakataa, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Anayesema mitumba ni hiari ya mnunuzi tu aitazame tena habari hii.

Na mkasi wa nyumbani hauligusi hilo hata kidogo. Tena huenda unalisaidia. Mwenye kununua belo la mitumba la kilo 45 hulinunua limefungwa. Ndani atakuta mashati mazuri, na atakuta pia majaketi ya baridi, sweta zilizochakaa na nguo zenye madoa yasiyotoka. Sisi wageuzaji tunachukua nini? Tunachukua yale mashati na mashuka, yaani vitu ambavyo vingeuzwa vyenyewe kwa mtu wa kuvivaa. Ile sweta ya polista iliyotoka nyuzi hakuna anayeitaka, iwe nzima au imegeuzwa, na mwisho wake ni kuchomwa uani au kupelekwa jaa la Kibele. Tunaponunua zaidi, tunamwambia muuzaji afungue belo jengine. Hapa wenzangu wanaosema tunaokoa mazingira kwa kununua mitumba nawaomba wapunguze sauti.

Hoja hiyo ina ukweli pale nguo inapokuwa ya nyumbani kwako tayari. Dera lililopasuka kwapani bado lina mita mbili nzima chini. Sare ya skuli ya kaka inampwaya mdogo mtu, inapunguzwa ubavuni na kupandishwa upindo, na upindo huo unaachwa mnene ili uteremshwe mwakani. Bibi zetu hawakuwa na jina la kazi hii. Kanga ikichakaa ilikuwa mbeleko, ikawa winda la mtoto, ikawa tambara la kushikia sufuria, na ilipofika hapo hata umbo lake la mwanzo lilikuwa limesahaulika.

Kuna wanaoona haya, na haya zao nazielewa. "Kipya kinyemi ingawa kidonda," na asubuhi ya Idi mtoto anataka kunusa upya wa nguo yake mbele ya wenziwe. Ila sunna ya Idi ni kuvaa kilicho bora ulichonacho, si lazima kitoke dukani, na Bibi Aisha amepokea kuwa Mtume (SAW) akishona nguo yake mwenyewe. Binti yangu hakuambiwa lile gauni lilikuwa shati la mtu. Aligundua mwenyewe alipokuta mfuko wa kifua ubavuni, nilikouhamishia, akatia peremende zake humo na kuwaringishia watoto wa jirani ambao hawakuwa na mfuko.

Sisi wa visiwani tukumbushane pia kwamba kuvaa kitambaa kilichotoka mbali si jambo la jana. Kuanzia miaka ya 1830 meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja pamba nyeupe iliyopendwa mpaka ikaitwa "marekani", na kutoka hapa ikaenda bara yote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata mzigo, soko likaenda kwa wengine. Leo kutoka huko huko zinaletwa nguo zilizokwisha valiwa. Na kanga yenyewe, kama simulizi inayojulikana sana inavyosema, ilianza kwa mkasi: wanawake wa pwani walinunua leso sita za kitambaa cha kukatwa, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga zikawa nguo moja pana. Wenye maduka wakaona, wakaanza kuagiza zilizochapwa tayari kwa umbo hilo. Ndiyo maana mpaka leo wengine huiita leso.

Simulizi hii naipenda, na ndiyo inayotumiwa kunijibu kila ninapofika kwenye lile ninalolishikilia zaidi ya yote: kanga za zamani zisikatwe ovyo. Wateja wa Mji Mkongwe, wageni hasa, wanapenda koti au mkoba wa kanga "ya kale", na walio na masanduku ya bibi wameanza kuyafungua. Wanasema kanga ilizaliwa kwa mkasi, basi mkasi hauwezi kuwa dhambi. Nami nasema waliokata leso sita walikuwa na duka la kuwauzia nyengine kesho yake. Kanga ya zamani yenye jina, yaani ule msemo wake, kwa herufi za Kiarabu haichapwi tena. Doti ikigawanywa, au jina likiingia chini ya zipu, mtu wa baadaye hatojua ile kanga ilikuwa ikimwambia nani nini. Kisutu cha harusi, chekundu, cheupe na cheusi, kinachapwa mpaka leo. Mwenye kutaka koti la kisutu akanunue kipya, akikate bila ya majuto. Kile cha sandukuni kipigwe picha, kiandikwe kilikuwa cha nani, kikunjwe tena na asumini zake.

Hapa mnaweza kuniona mgumu, kwa sababu kuna mwanamke ambaye kanga ya bibi yake ndiyo mtaji pekee alionao. Sina jibu zuri la kumpa zaidi ya kwamba auze doti nzima, kwa bei ya kitu cha zamani, asiiuze kwa bei ya mfuko wa kutilia miwani.

Skukuu ilipopita nilimrudia fundi wangu na lile gauni pana la mtumba. Safari hii nilikuwa nimelifumua lote nyumbani, usiku mbili, kwa wembe na taa ya simu. Vipande nimevipiga pasi na kuvikunja, na kwenye kila kimoja nimeandika kwa chaki mbele ni wapi. Akavitandaza mezani, akavitazama, akachukua futi. "Hii sasa nakushonea leo," akasema. Nikamuuliza kiasi gani, akataja bei ya kazi moja.