Hewa ukaa ndani ya jiwe: mazuku ya Goma na pampu ya Iceland

Mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, kuna jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi, lina madoa meupe kama manyoya ya kanga. Wanajiolojia huuita mwamba wake lava ya Gagwe. Ni uji wa volkano ulioganda zamani mno, mamia ya mamilioni ya miaka, ukiwa bado na mapovu ya hewa tumboni. Baadaye maji yakapenya na kuyaziba mapovu hayo kwa madini. Madoa ya jiwe langu ni kalsaiti, madini yale yale yanayounda mawe ya chokaa, na katika kila kilo moja ya kalsaiti safi mna gramu 440 za hewa ukaa.

Nalitaja kwa sababu ya ubishi uliozuka kijiweni baada ya kipindi cha redio kuhusu kuikamata hewa ukaa na kuifukia kwenye miamba ya volkano. Wengi walicheka. Aliyekasirika ni mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi, aliyekulia upande wa Goma. "Ile iko mazuku tu," alisema. "Mutaifukia leo, kesho itatoka iue watoto."

Huyo si wa kuchekwa. Mazuku ni hewa ukaa inayojitokeza yenyewe ardhini kandokando ya Ziwa Kivu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hivyo hutuama mabondeni, na mbuzi akishuka kula majani hapandi tena. Kule Cameroon, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitapika hewa hiyo hiyo na watu wapatao 1,700 wakafa, wengi wao usingizini. Mtu aliyeyaona mazuku kwa macho yake ana haki ya kuuliza bomba linaelekea wapi.

Ila jibu lake lipo, na naona halijapewa nafasi ya kusikika. Kwenye mtambo wa umeme wa jotoardhi wa Hellisheiði nchini Iceland, mradi wa CarbFix hauifungii hewa pangoni. Huiyeyusha kwanza kwenye maji, yakawa kama soda bila sukari, kisha huyasukuma kwenye basalti, mwamba mweusi wa volkano. Katika majaribio ya mwanzo, mwaka 2012, kina kilikuwa mita 400 hadi 800. Maji yenye hewa hiyo ni mazito kuliko maji ya kawaida, kwa hiyo yanazama badala ya kupanda. Pia ni makali: yanamumunya mwamba na kutoa kalsiamu, magnesiamu na chuma. Kadiri yanavyoula mwamba, ukali wake unaisha, na ukiisha, hewa ukaa inaungana na kalsiamu ile na kuwa jiwe.

Tulizoea kuambiwa jambo hilo huchukua mamia au maelfu ya miaka. Taarifa ya kisayansi ya mwaka 2016 ilisema zaidi ya asilimia 95 ya hewa ukaa iliyoingizwa iligeuka madini ndani ya muda usiofika miaka miwili. Takwimu hii nimeigeuza sana, kwa sababu wanaoipenda wanaitaja haraka mno. Ilitokana na tani zipatazo 230 tu. Ilipatikana kwenye basalti changa, yenye nyufa na vitobo vingi. Haisemi kila jiwe jeusi duniani litafanya hivyo. Kinachonishawishi zaidi ya asilimia yenyewe ni habari ya pampu. Katika kisima cha kufuatilia majaribio, pampu iliyokuwa ikivuta sampuli za maji iligoma. Ilipotolewa ikakutwa imegandiwa na kalsaiti, kama lile gamba jeupe linalong'ang'ania ndani ya birika lililochemshia maji ya kisima kwa miaka. Hewa waliyoitia ardhini ilikuwa imewafungia mashine. Kwangu mimi ushahidi wa fundi aliyepoteza pampu una uzito kuliko jedwali.

Nilijaribu kumwonyesha yule mama. Nikakamulia limao kwenye doa moja la jiwe langu. Likatoa povu dogo, la kusikika ukisogeza sikio. Nilitaka aone kwamba hewa imo jiweni. Yeye akaona kingine: "Si ndiyo hiyo imetoka, mwanangu!" Kijiwe kizima kikampigia makofi. Alinishika kweli, maana tindikali hurudisha hewa nje. Ila huko chini mwamba ndio mwingi na tindikali ndiyo kidogo. Basalti huimaliza nguvu muda wote, na hakuna anayeshuka na ndoo za limao. Hatari iliyopo ni ya ile miezi ya mwanzo, kabla hewa haijaganda, na ndiyo maana visima vya kufuatilia vipo.

Upande wa pili una hoja zinazouma zaidi ya mazuku. Maji ni mojawapo: kila tani moja ya hewa ukaa inadai kama tani 25 za maji. Nyingine ni matetemeko. Hapo hapo Hellisheiði, mwaka 2011, kurudisha ardhini maji yaliyotumika kwenye mtambo kulizua mitikisiko iliyofikia karibu kipimo cha 4. Sisi tunaoikumbuka tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la 6.8 lilipopiga eneo la Ziwa Tanganyika, hatuhitaji kubembelezwa ili tuiogope sindano ndefu ndani ya Bonde la Ufa.

Hoja nzito kuliko zote ni ya jalala. Kulikuwa na mpango wa kuleta hewa ukaa ya Ulaya kwa meli ikafukiwe Hafnarfjörður, hapo hapo Iceland. Wakazi wakakataa, na mwaka 2025 mpango ukaachwa. Kama wenye teknolojia yao wenyewe hawakutaka kuwa shimo la taka la jirani, Mwafrika akiuliza "kwa nini kwangu?" asiitwe mjinga.

Bado naona watu wanachanganya kazi mbili, kukamata na kufukia. Mashine za kunyonya hewa ukaa kutoka angani ndizo zinazosuasua. Mammoth, iliyozinduliwa Iceland mwaka 2024, imejengwa kwa ajili ya tani 36,000 kwa mwaka, na mwaka wake wa kwanza haikukaribia hapo. Hata ingefika, gunia la mkaa la kilo 50 likiungua jikoni linatoa kama kilo 150 za hewa ukaa. Tani 36,000 ni sawa na magunia kama 240,000, na hapo sijahesabu lumbesa wala moshi wa tanuri porini. Dunia inatoa zaidi ya tani bilioni 35 kwa mwaka kutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mwenye kisima cha mafuta akikwambia aendelee kuchimba kwa kuwa mawe yatameza, anakuchezea. Lakini hilo ni kosa la msemaji. Mwamba umefanya ulichotakiwa kufanya.

Kuna wanaosema tubaki na misitu. Jirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vijiji vinane vya Milima ya Ntakata, wanalipwa kwa kuutunza msitu, na nawaonea wivu wa heri. Miombo ina asali, uyoga, dawa na kivuli, jiwe halina. Ila miombo huungua. Anayesafiri kwa treni kutoka Kigoma kwenda Tabora mwezi Septemba anaijua harufu ile, na katika mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua kuni za kukaushia zinatoka humo humo. Kalsaiti haishiki moto wa nyasi, wala haikatwi usiku.

Sasa, je, kwetu panafaa? Tabora hapana. Chini yake ni granaiti, mwamba maskini wa kalsiamu, magnesiamu na chuma, na maji ya kuchezea hakuna: mji wenyewe umesubiri miaka mingi hadi ukaletewa ya Ziwa Victoria. Kigoma tuna lava ya Gagwe, lakini madoa yale yale yanayolipendezesha jiwe langu ndiyo kasoro yake. Vitobo vimeshazibwa, na maji ya soda yatapita wapi?

Ningeambiwa nichague pa kupima kwanza, ningeelekeza Mbeya. Milima ya volkano ya Rungwe ni michanga, na upande wa Songwe kuna kiwanda cha saruji. Saruji ina tatizo ambalo umeme wa jua hauliondoi. Ukichoma mawe ya chokaa, hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake inatoka, hata tanuri likiwa la umeme mtupu. Hewa hiyo inatoka kwenye bomba moja, imejaa, haihitaji mashine ya kuisaka angani. Ilitoka kwenye kalsaiti. Yule mama nilipomweleza hivyo alilichukua jiwe, akalikuna kwa ukucha, akauliza kama huko Mbeya nako ziwa lipo karibu. Nikamwambia Nyasa haliko mbali. Akasema basi wakaulizwe wavuvi wa huko kwanza.