Kiatu Kimevuka Neti

Katika sheria za sepak takraw, mchezo wa kuvusha mpira juu ya neti kwa miguu, kuna kifungu kinachosema kwamba kiatu, jezi, kitambaa cha kichwani au chochote alichovaa mchezaji kikigusa neti, kikigusa nguzo, au kikiangukia upande wa wapinzani, hilo ni kosa na pointi inakwenda ng'ambo. Najua wengi wanakisoma kifungu hicho na kupita. Mimi nilisomewa hadharani, mbele ya kina mama wa ghorofa zima waliokuwa kwenye vibaraza vyao wakianua nguo.

Nasoma Kuala Lumpur. Nyumba tunaishi mseto: mimi, mwenzangu mmoja wa Tanga, na vijana wawili wa Kimalay, mmoja wao Mkelantan, yaani wa jimbo la Kelantan. Hao ndio walionifundisha kula roti canai, chapati ya kwao, kwa mkono mmoja na kuangalia ligi usiku kwenye vile vibanda vya chakula vya mamak vyenye skrini kubwa. Nasema ligi, na sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga akili inakimbilia mpira wa miguu. Kumbe sivyo. Ni Sepak Takraw League, ligi yao ya kulipwa iliyoanza 2014, timu za majimbo zinamenyana, kamera kila kona, na watu wazima wenye familia zao wanapiga kelele mpaka chai inamwagika.

Kwa asiyeujua mchezo: chukua voliboli, kisha kata mikono. Wachezaji watatu kila upande, kikosi hicho wanakiita regu. Uwanja una ukubwa wa ule wa badminton, mita 13.4 kwa 6.1, na neti ya wanaume ina mita 1.52, mimi inanifika kidevuni. Mpira mnaruhusiwa kuugusa mara tatu, na hata mtu mmoja anaweza kuzimaliza zote tatu peke yake akitaka. Miguu, magoti, kifua, kichwa, vyote ruksa. Mkono hapana, isipokuwa katika hatua moja tu, na hiyo hatua moja ndiyo iliyoniponza.

Mpira unaanzishwa na tekong. Huyu anasimama ndani ya kiduara katikati ya upande wake, mguu mmoja haubanduki chini, mwingine unapanda mpaka juu ya bega kana kwamba hauna kiungo. Lakini mpira hajirushii mwenyewe. Anarushiwa kwa mkono na mwenzake aliyesimama karibu na neti, ndani ya robo duara iliyochorwa pembeni. Halafu kuna mtu wa libas, yule wa kumaliza kazi. Anaruka, anageuka hewani mgongo ukiangalia chini, anaupiga mpira juu ya neti, anamalizia mzunguko na kutua kwa miguu. Kwetu mtu akipiga tikitaka moja kwa msimu, mtangazaji anakauka sauti. Pale inapigwa kila baada ya dakika, na jirani yangu wa meza anaendelea kuchovya roti kwenye mchuzi.

"Oya, hii si danadana tu?" akasema wa Tanga.

Alisema kwa Kiswahili, lakini kwa bahati mbaya alionesha na kwa miguu. Mkelantan akatabasamu. Wamalay wakikutabasamia hivyo, kaa chonjo.

Ili tujifunze adabu walitupeleka Uwanja wa Titiwangsa tukaone ligi kwa macho. Kwenye televisheni husikii mlio. Pale ukumbini kila pigo la tekong linalia "pa!", mlio wa kofi, na ukikaa viti vya mbele unaona kwa nini wengine wanafunga kitambaa kwenye paji la uso: ule mpira si wa ngozi. Ni plastiki ngumu iliyofumwa, matundu 12, gramu 170 na kitu, na ukitua kichwani vibaya unakuachia mchoro. Mtu mmoja alitoka nje ya uwanja ana alama ya tundu katikati ya nyusi, akacheka, akanywa maji, akarudi. Wa Tanga hakuongea tena habari za danadana.

Sasa chini ya ghorofa letu kuna uwanja wa saruji, na Jumapili moja ghorofa letu lilikuwa linacheza na ghorofa la jirani. Mkelantan, mchezaji wetu wa tatu, akawa amekwenda kwao kwenye harusi. Wakaja mlangoni kwangu.

"Abang," yaani kaka, "tusaidie. Wewe utarusha tu."

Kurusha tu. Kwa mkono. Nani anakataa? Raba sikuwa nazo, nilikuwa na ndala, basi wakanipa za Mkelantan mwenyewe, nyeupe, ambazo kazifua akazianika dirishani. Yule bwana ana mguu wa kulimia. Nikajaza soksi mbele, nikakaza kamba, nikashuka.

Refa alikuwa mzee mmoja wa ghorofa ya chini, wote tunamwita Pak Cik kwa heshima. Alikuwa amejifunga saruni, kakaa kwenye kiti cha plastiki kilichowekwa juu ya meza, filimbi shingoni. Kabla ya mechi alitupa historia, tupende tusipende. Kwamba zamani watu walisimama duara tu, wakipasiana mpira wa henzirani usianguke chini, na neti ilikuja baadaye kule Penang. Kwamba 1990, mchezo ulipoingizwa kwenye Michezo ya Asia kule Beijing, Malaysia ilirudi na dhahabu. Alipofika Thailand na jinsi walivyojichukulia medali miaka iliyofuata, sura ikamkunjamana, akapuliza filimbi tuanze.

Kurusha mpira, ndugu zangu, ni kazi. Tekong keshainua mguu, anataka mpira umkute palepale, si juu wala si chini. Wa kwanza niliurusha kwa nguvu za kuangusha embe. Ukampita. Na kisheria mpira ukisharushwa, tekong asipoupiga, pointi imekwenda. Akanitazama kwa upole. Nikapunguza nguvu, ukamfikia gotini, akaukokota kwa kifundo ukaishia kwenye neti. Pointi nyingine.

Baadaye nikazoea, tena nikazoea kupita kiasi. Nikarusha mmoja mzuri mno, mzuri kiasi kwamba nikabaki palepale nimegeuka nyuma kuutazama unavyopigwa. Ukapigwa. Ulinikuta sikioni. Kwa muda fulani nilikuwa nasikia adhana, na haukuwa wakati wa swala yoyote.

"Abang, ukisharusha geukia mbele," tekong akaniambia. Ushauri mzuri. Ungekuja mapema ningeushukuru zaidi.

Pamoja na yote, vijana wangu wawili walikuwa wazuri, na seti ya pointi 21 ikafika 20 kwa 19, wao wanaongoza. Juu vibaraza vimejaa. Kina mama wamesahau nguo. Binti mmoja wa ghorofa ya pili katoa simu anarekodi.

Wapinzani wakaanzisha, tekong wetu akapokea kwa kichwa, mwenzetu wa libas akautuliza kwa ubavu wa mguu. Alitaka kujitengea mwenyewe, lakini ukamponyoka, ukapanda juu, ukaanza kushuka taratibu pembeni mwa neti. Kwangu. Guso moja limebaki. Nasikia "Abang! Abang!" kutoka chini, kutoka juu, nadhani hata Pak Cik aliita.

Sikufikiri. Mguu wa kulia uliondoka wenyewe. Ulipanda mahali ambapo haujawahi kufika tangu nizaliwe, nyama za paja zikalia, na nikaugusa. Niliugusa, wallahi, kwa ncha ya raba, ukapaa juu ya neti, juu kabisa, ukaanza kushuka nyuma ya wachezaji wote watatu, ndani ya mstari. Hakuna aliyeufikia. Nilikuwa nimeanguka chali, naona anga na chupi za watu zilizoanikwa, na nasikia ghorofa letu lote linashangilia.

Kisha filimbi. Kisha kicheko. Nikainua kichwa: soksi.

Raba ya Mkelantan ilikuwa upande wa pili, imekaa wima kama mchezaji wa nne.

Pak Cik akanyoosha mkono kuelekea kwao. Ishirini na moja, mechi imekwisha.

"Pak Cik, mpira umeingia!" nikalia.

"Kiatu nacho kimeingia."

"Mpira ulitangulia!"

"Kiatu kilitangulia."

Nikaomba sheria. Akanisomea kwa kichwa, kiatu, jezi, kitambaa cha kichwani, bila kusita hata kwenye nukta. Nikaomba ushahidi. Binti wa ghorofa ya pili akashuka na simu yake, tukajazana kuitazama, na ikaonekana mpira unapanda angani kwa madaha huku kiatu kikikata njia ya mkato juu kidogo ya neti, kikatua, kikatulia, ndipo mpira ukafika. Mimi hadi leo nasema ile video imechukuliwa pembe mbaya. Kutoka ghorofa ya pili huwezi kujua.

Wakati tunabishana, yule kijana wa upande wa pili akataka kunirudishia raba. Lakini watu wale hawaokoti kitu kwa mkono wakiwa uwanjani. Akaichota kwa mguu, ikapanda. Mwenzake naye akaiona hewani, na sidhani kama alikusudia, ni mazoea ya mwili. Akaruka, akageuka mgongo chini, akaizungushia. "Pa!" Raba ikapita juu ya vichwa vyetu, juu ya uzio, ikatua kwenye bati la banda la pikipiki. Watu walipiga makofi kuliko walivyonipigia mimi.

Kufika magharibi video imeingia kwenye kundi la WhatsApp la ghorofa, la ghorofa la jirani, na sijui kwa mkono wa nani, ingawa namshuku wa Tanga, ikalifikia kundi la ukoo wetu. Dada yangu mkubwa alituma ujumbe wa sauti, dakika mbili za kucheka mfululizo, mwishoni akasema, "Mama anauliza, ndicho walichokupelekea kusoma?" Baba mdogo hakucheka. Yeye alitaka kujua tu kama ile pointi ilihesabiwa.

Bati la banda lilikuwa la zamani, mlinzi akakataa mtu asipande mpaka fundi aje. Usiku Mkelantan akarudi kutoka harusini na mifuko ya wali na vyakula vya kwao, kachoka, kafurahi. Akaweka mifuko mezani, akatazama dirishani alikoanika raba zake, akaona moja. Akachungulia nje. Taa ya banda inawaka vizuri sana.

"Abang," akaniuliza taratibu, "kiatu changu kimefikaje kule?"

Nikafungua mdomo, maneno yakagoma. Wa Tanga, ambaye siku nzima hakugusa mpira, alikuwa keshafungua mfuko wa wali.

"Kilipigwa libas," akasema, akaenda kutafuta sahani.