Kwa Mhindi

Jamani, hebu niamulieni. Hapa Pangani kuna jengo, kuta za mawe na chokaa, baraza mbele, wote twaliita Kwa Mhindi. Mhindi mwenyewe sijamwona hata kisigino. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, akafunga virago, mie naota meno. Chini likawa duka la ushirika.

Pale ndipo utoto wangu ulipopotelea. Miaka ile baada ya Vita vya Kagera, mama akinituma sukari saa kumi alfajiri. Nafika, foleni ina watu saba na mawe arobaini, kila jiwe na mwenyewe, kalala zake nyumbani. Siku moja nilitanguliwa na kandambili ya mguu mmoja. Duka likafunguliwa, kandambili ikapata kilo, mie naambiwa imekwisha! Nimeshindwa na kandambili, tena ya kushoto.

Ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi, likawa la mitumba. Nikazoea. Likawa banda la video. Nikazoea. Likawa la intaneti, na kabla sijajua pa kubonyeza limeshakuwa la M-Pesa. Likipakwa rangi tu, moyo wangu paa!

Sasa juzi mama watoto kasema mkeka wetu umekwisha, mbavu zinamuuma. Nikamuuliza kijana wa bodaboda, mikeka siku hizi yauzwa wapi?

"Panda mzee, Kwa Mhindi, mikeka tele!"

Buku yangu hiyo, kaondoka nayo. Naingia ndani, hamna hata ukili. Binti kakaa nyuma ya nondo.

"Shikamoo mzee. Mkeka wa timu ngapi?"

"Marahaba. Wa watu wawili, bibi yako hulala ukutani."

"Simba wawemo? Yanga?"

"Rangi yoyote mwanangu, bora usichubue."

Nikatoa elfu tano, nikapewa kikaratasi. Nikajua ndicho cha kuchukulia mzigo stoo. Nikakitia ndani ya kofia, nikamwambia mama watoto avumilie, mzigo waja.

Leo nimerudi kudai changu. Kijana mmoja pale barazani kakisoma, kacheka mpaka kakaa chini.

"Pole mzee, mkeka wako umechanika tangu jana."

Umechanika! Na hatujaulalia hata usiku mmoja!