Vioo vya Jinja vinatupika

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la watu tuliokulia Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, Uganda, mtu katupia picha ya plaza mpya ya pale mjini, imepigwa usiku, taa zote zinawaka, vioo vya buluu kuanzia chini mpaka juu, na chini yake kaandika "Jinja sasa ni jiji". Makofi yakaanza, walioko Kampala wanatupongeza, wa Nairobi wanauliza bei ya kiwanja. Mimi nikaandika sentensi moja tu, kwamba waulizeni wapangaji wa upande wa mto, yaani magharibi, hali yao ikifika saa kumi jioni. Basi nikaambiwa nina wivu, nina akili ya kijijini, maendeleo siyataki. Nimeamua kuandika hapa kwa kirefu manake kule hakuna anayesoma zaidi ya mistari miwili, na hili jambo linaniuma kweli.

Maghorofa nayapenda jamani. Tulipopewa hadhi ya jiji Julai 2020 pamoja na Mbarara, Gulu, Mbale na wenzao, nilishangilia kama wengine. Mji wetu umebanwa, huku ziwa, huku Nile, pa kutanukia katikati hapapo, kwa hiyo lazima tupande juu, na anayejenga ghorofa sita kwenye kiwanja kimoja anatuokolea mashamba ya huko Bugembe na kwingine. Sigombani na urefu. Nagombana na hili sanduku la simiti wanalolivika vioo na paneli za aluminiam pande zote nne sawasawa, mashariki kioo, magharibi kioo, kana kwamba jua halijulikani linatokea wapi na kuzamia wapi.

Kuna dada mmoja mshonaji ananishonea tangu zamani. Alikuwa na cherehani yake barazani kwenye duka la kizamani la Wahindi, jengo likavunjwa, wakatawanyika wote waliokuwa pale, yeye akajikaza akapanga chumba kwenye plaza, ghorofa ya tatu, upande unaotazama mto. Nilienda kuchukua suruali yangu nikakuta ukuta mzima wa mbele ni kioo, na kioo chote amekibandika maboksi yaliyokunjuliwa kwa selotepu mpaka juu ya kichwa chake, halafu juu ya maboksi katundika leso mbili. Kinachofunguka ni kidirisha kimoja huko juu, unakisukuma kinatoka nje kiasi cha kiganja basi. Feni ipo, inazungusha lile lile joto. Akanitolea kitenge cha mteja kilichokaa kwenye rafu wiki kadhaa, akakikunjua, na pale kwenye mikunjo iliyokuwa inatazama kioo rangi imeondoka, michirizi mirefu myeupe kama mtu kapitisha jiki. Kitenge hicho kakilipa yeye. Akaniambia, "Kaka, jua likianza kushuka kule Njeru ng'ambo ya mto mimi nafunga, hata mteja hakubali kusimama apimwe." Na hizo ndo saa watu wanatoka kazini na hela mfukoni, ndo saa za biashara zenyewe, yeye anafunga mlango anashuka ngazi. Kodi lakini inahesabiwa siku nzima.

Sasa sikilizeni, hili si suala la bahati mbaya wala la hali ya hewa kubadilika. Jinja iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua letu linachomoza mashariki linapanda juu ya utosi linazama magharibi, halihami sana. Saa sita mchana liko juu, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini unaukinga kwa kipaa kifupi tu cha simiti, umemaliza. Lakini asubuhi na jioni jua linakuja limeinama, linaingia moja kwa moja kwa mbele, na hapo kipaa kifupi hakisaidii, unahitaji ukuta mzito wenye madirisha madogo, au baraza refu, au vile vibao vya simiti vya kusimama vinavyokata mwanga kabla haujafika dirishani. Kioo chenyewe kinapitisha mwanga ndani, mwanga unapiga sakafu na meza na cherehani vinapata moto, halafu ule moto hautoki tena. Mkulima mwenye banda la nailoni la nyanya anaijua hiyo vizuri. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa ambacho mchoraji wa ramani anatakiwa kuuliza kwa mji kama huu ni kiwanja kimelala vipi, ule upande mrefu wa jengo utazame wapi. Ni swali la bure, halihitaji hata tofali moja la ziada. Nikiangalia haya majengo mapya naona hakuna aliyeliuliza.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa hapa kwetu jibu lilikuwepo. Tembea Main Street uangalie yale maduka ya zamani yaliyobaki, yale ya miaka ya 1920 na kuendelea, mengine mwaka wake umeandikwa juu kabisa kwenye paji la jengo. Kuta nene. Dari ya juu. Juu ya mlango kuna matundu ya kutolea joto. Nyuma kuna ua, upepo wa ziwa unaingia huku unatokea kule. Na mbele baraza lenye nguzo, paa lake limefunika njia ya waenda kwa miguu, ukitembea mchana unatembea kivulini, mvua ikikukuta unajibanza chini yake pamoja na watu wa boda, mama wa mahindi na wanafunzi, hakuna wa kukufukuza. Wale waliojenga walitaka faida kama hawa wa leo, walikuwa wafanyabiashara wa pamba na nguo, lakini baraza lao lilimpa nafasi fundi cherehani, lilimpa nafasi muuza magazeti, na duka ndani likabaki na ubaridi wake bila mashine yoyote. Plaza mpya inaanza na kioo na tailizi zinazoteleza, kisha barabara. Mvua ikinyesha sote tunakimbilia mlango mmoja na askari anatusukuma.

Najua mtasema hayo ni majengo ya kizamani, mabati yanavuja, mbao zimeliwa na mchwa. Sawa, mengine yamechoka kweli na mwenyewe hana hela ya kuyatengeneza, siwezi kumlazimisha afe nalo. Ila usidhani kivuli ni cha nyumba fupi tu. Theatre ya taifa pale Kampala ilifunguliwa 1959, uso wake umefunikwa wavu mzima wa simiti wenye matundu, jua linavunjikia nje upepo unapita. Ujuzi wa kupanda juu na ubaridi wako ndani tulikuwa nao kabla hata ya uhuru.

Halafu kuna wale wa "si utafunga AC". Nani atalipa? Yule dada wa cherehani? Hapa tuna bwawa la umeme la Nalubaale tangu 1954, tuna jingine la Kiira pembeni yake, umeme wa nchi umetokea kwenye mto wetu miaka na miaka na bado bili inatutoa jasho na umeme unakatika, na ukikatika chumba cha kioo kisichofunguka hakikaliki hata nusu saa. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, usiku tunajifunika blanketi! Mji wa namna hii kuuhitajisha viyoyozi ni dhuluma, sina neno lingine.

Ngazi na lifti na njia ya kukimbilia moto ukitokea sitazigusa leo, ingawa nimeona plaza shimo la lifti limezibwa kwa mbao na wazee wanapanda kwa kushika ukuta. Hiyo siku nyingine.

Msiniambie pia kwamba watu wetu hawajui kizuri. Daraja jipya la Nile lilipofunguliwa Oktoba 2018, kila anayepita alitaka kusimama kupiga picha, mpaka leo. Kizuri tunakijua. Ila landilodi anaona picha ya jengo la Dubai kwenye simu anamwambia mchoraji nitengenezee hili, mchoraji anaogopa kupoteza kazi, kamati ya majengo inaangalia nguzo na nondo inagonga muhuri. Sheria ya udhibiti wa majengo ipo tangu 2013, ramani lazima ipitishwe, basi wale wanaopitisha waongeze swali moja kabla ya muhuri: upande wa magharibi umekingwa na nini? Asiye na jibu arudi na ramani yake nyumbani.

Mpaka hilo lifanyike, wapangaji tujitetee wenyewe. Vyumba vya hizi plaza unaonyeshwa asubuhi, saa tatu, upande wa mto bado una kivuli, landilodi anasema ingia tu, lipa miezi sita. Usilipe. Mwambie utarudi saa kumi jioni siku isiyo na mawingu. Simama ndani robo saa mlango ukiwa umefungwa, shika kioo kwa mkono, fungua dirisha uone linafunguka kiasi gani, muulize jirani wa chumba cha pili anafunga saa ngapi. Na ukiwa chumba cha upande wa mashariki, fanya hivyo hivyo saa tatu asubuhi. Vyumba vya kutosha vikikaa vitupu, hao wenye majengo watawatafuta wachoraji wenyewe.