Sikuwa Uchi, Jamani

Kwanza kabisa: sikuwa uchi. Mshenga wangu, mtu niliyemlipia nauli ya treni kutoka Tabora mpaka mwisho wa reli, ndiye anayesambaza kwenye magrupu kwamba nilikuwa uchi. Nilikuwa na bukta. Ya kuazima, imenibana, lakini bukta.

Juzi Jumamosi tulikwenda Kigoma kujitambulisha ukweni. Baba mkubwa wa mchumba ana nyumba Bangwe. Amekaa Uingereza miaka mingi, akarudi na mawazo mawili: bwawa la kuogelea na chumba cha vioo. Bwawa sijalielewa mpaka leo. Ziwa Tanganyika lile pale chini, kina mita 1,470, duniani linapitwa na Baikal tu, halafu mtu anatoa hela achimbiwe futi sita! Chumba cha vioo nacho, wenzetu wanakijenga ubavuni mwa nyumba kinase kijua cha majira ya baridi, maua yasife. Kigoma ukinasa jua unaoka mikate. Maua yamekauka yote, amebaki mshubiri mmoja anayehema. Wakabandika tinti ile ya kujitazama, joto likabaki palepale, basi wakakifanya chumba cha waogeleaji: taulo, viti vya plastiki, ndoo ya dawa ya bwawa.

"Shemeji, jitose kidogo kabla ya chakula," akaniambia mdogo wake mchumba, akanirushia bukta yake. "Badilishia humo. Mtu wa nje haoni ndani."

Nikahakikisha mwenyewe, mimi si mjinga (nyamazeni). Nikasimama nje, nikachungulia: najiona mimi, na nyuma yangu milima ya Kongo. Safi. Nikaingia.

Sasa nisikilizeni, msije mkaumbuka kama mimi. Tinti ile humficha aliye upande wenye giza. Mchana nje kunawaka, ndani kuna kivuli, umefichika. Usiku ukiwasha taa ndani, mambo yanageuka: wewe unajiona, wao wanakuona. Niliingia saa kumi na mbili na nusu bado kweupe, maana Kigoma jua linajivuta mpaka karibu saa moja. Ila kiuno cha yule shemeji ni sawa na paja langu, kwa hiyo bukta ilinichukua muda. Ilipopita makalio, nje giza. Nikawasha taa.

Pande zote nikatokea mimi. Mimi mbele, mimi kushoto, mimi kulia. Niambieni ukweli, nani kati yenu angevaa taulo akatoka? Nikavuta kitambi ndani. Nikatunisha mkono wa kulia. Nikageuka kujiona mgongo, nikarudi mkono wa kushoto. Nje kimya kabisa, nikajua wamekwenda kuswali magharibi. Basi nikaona nitumie nafasi kufanya mazoezi ya hotuba.

Nikapiga magoti. Na bukta ile. Nikakunja mikono kifuani, nikainamisha kichwa, midomo ikitamka, "Shikamoo baba. Mimi mwanao nimekuja kwa unyenyekevu." Sikupenda nilivyoinama. Nikarudia. Mara ya tatu nikaongeza machozi, nikayafuta kwa kiganja, nikajitazama kama yameingia vizuri. Yameingia. Nikajipa dole gumba.

Umeme ukakatika.

Mimi kwenye kioo nikafutika. Na pale nilipokuwa nimepotelea, taratibu, kwa mwanga wa taa za sola za bwawani, wakaanza kutokea watu. Kwanza kofia ya baraghashia. Chini ya kofia, baba mkwe. Pembeni yake mama mkwe, mkono mdomoni. Kisha mashangazi, mstari mzima, viti vimepangwa ukingoni mwa bwawa vinanitazama mimi kama ukumbi wa sinema. Mtoto mmoja amebandika pua kwenye kioo, hatua mbili kutoka usoni pangu. Shangazi mmoja ameshika mgebuka wa kuchoma, hajautafuna. Na mshenga wangu, mshenga wangu mimi, yuko kiti cha mbele.

Dole gumba lilikuwa bado juu.

Hata sijainuka, jenereta likanguruma, taa ikawaka, wote wakapotea. Nikabaki tena na mimi mwenyewe, nimepiga magoti. Ndugu zangu, kuna upweke na kuna ule: chumba hakina mtu, na unajua wako thelathini.

Nilichofanya ni kujificha nyuma ya mshubiri. Mshubiri unanifika gotini.

Mengine yalikwenda haraka. Taulo, mlango wa nyuma, suruali nikavalia stoo, chakula nimekula nikitazama sahani. Mchumba hakusema neno, alikuwa akitetemeka tu mabega. Mshenga anadai hakunishtua kwa sababu alidhani ni sehemu ya programu.

Jana asubuhi tukaitwa sebuleni kwa mazungumzo rasmi. Nikapiga magoti, safari hii na suti, nikafungua mdomo. Baba mkwe akanyanyua mkono.

"Picha tumeshaipata, mwanangu. Leo tupe sauti."

Shangazi wa mgebuka ikabidi atolewe nje.